Shangazi, nina kadi mbili za kliniki na siku tisa zinazonimaliza

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 29, nafanya biashara ya dagaa hapa Mwanza, mwaloni Kirumba. Naomba usitaje jina langu, maana huku tunajuana mpaka rangi za kanga.

Nina ugonjwa wa akili wa bipola, ule wa kupanda na kushuka. Ulinianza nikiwa na miaka 22, nilipojifungua mwanangu. Mtoto alikuwa na wiki tatu tu. Usingizi ulinikimbia, nikawa naongea usiku kucha, nikawagawia majirani nguo za mtoto nikisema yeye ni malaika, hahitaji nguo. Nyumbani wakasema ni mashetani ya uzazi. Nilifukizwa weee, mpaka baba mdogo akasema basi, huyu apelekwe hospitali. Huko ndiko nilikoambiwa jina la ugonjwa. Tangu hapo natumia kabamazepini asubuhi na jioni, na kwa sehemu kubwa niko salama. Mwanangu sasa ana miaka 7.

Shida yangu ni siku za kabla ya hedhi. Mzunguko wangu ni wa siku 26, hauyumbi. Zikibaki kama siku nane au tisa niingie mwezini, nageuka mtu mwingine. Juzi mteja wangu wa siku zote, baba mmoja wa Shinyanga, aliniambia debe halijajaa. Ni kweli lilikuwa halijajaa vizuri. Nikalinyanyua, nikalimwaga lote mchangani mbele yake, nikamwambia aokote anachostahili. Mwalo wote ulinyamaza. Kesho yake saa nne asubuhi, nikiwa chooni sokoni, nikaona damu. Shangazi, ilikuwa kama mtu amenivua gunia kichwani. Jioni nikampigia yule baba kumwomba radhi, hakupokea.

Siku hizo nalala masaa matatu. Saa tisa usiku niko uani nafua mapazia ya nyumba nzima, mchana ukifika nalia. Na mara mbili nimesimama ufukweni nikiwaza kwamba nisingekuwepo watu wangu wangepumzika. Sikufanya kitu. Damu ikitoka, mawazo yale yanaondoka. Ingawa masika yaliyopita nilikaa kama wiki mbili nimezama tu, hata hedhi ilikuja ikaondoka sikupata nafuu.

Mume wangu niliyenaye, tuko mwaka wa pili, ni mvuvi wa dagaa visiwani Ukerewe. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwaka taa zao hazifui dafu, basi hurudi nyumbani kama wiki hivi. Miezi hii mitatu kila akirudi ananikuta kwenye siku zangu mbaya. Anasema, “Wewe hununa nikirudi mimi tu.” Wifi yangu keshamtia maneno kwamba nina mtu. Mwenyewe hajui habari ya bipola. Anajua niliwahi kuugua uzazi, basi. Vidonge vyangu na kadi ya kliniki ya afya ya akili naviweka ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati. Anataka mtoto wake, tumekubaliana iwe mwakani tukimaliza kulipia kiwanja Buhongwa. Kwa sasa tunatumia kondomu, japo si kila mara.

Mwezi uliopita nilikwenda zahanati kuuliza uzazi wa mpango, nikamgusia nesi hizo hasira. Akasema vidonge vya majira husaidia wanawake wengi wenye shida hiyo, akanipa pakiti tatu na kadi. Alipouliza kama natumia dawa yoyote, nikasema hapana. Jirani yangu alikuwa amekaa benchi la nyuma yangu.

Pakiti sijazianza. Naogopa, kwa sababu mtoto alipotimiza wiki sita nilichomwa sindano ya miezi mitatu, na mama anaamini sindano ile ndiyo iliyoniharibu kichwa. Pia nimepima homoni kwenye kituo kimoja cha binafsi kwa hela nyingi, wakasema ziko sawa, halafu papo hapo wakataka kuniuzia dawa ya kurekebisha homoni. Kama ziko sawa, ina maana nasingizia?

Nianze majira? Nisianze? Na nimwambie nani kwanza?

Mama Dagaa, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu. Pole, na ahsante kwa barua yenye hesabu. Wengi huniandikia “nina hasira sana”, wewe umeniandikia siku 26, wiki tatu, wiki sita. Hizo namba nitazitumia sana.

Kwanza ule ufukwe, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Unasema mawazo huondoka damu ikitoka. Nakuamini. Ila siku tisa ni nyingi za kumwachia mtu abebe peke yake wazo kama hilo. Baba mdogo aliyesema “huyu apelekwe hospitali” bado yupo? Huyo alishakuona katika hali mbaya kuliko zote na hakukukimbia. Mpe neno moja mtakalolijua ninyi wawili, ukilisema kwenye simu aje bila kuuliza maswali. Na wazo hilo likirudi kwa nguvu, au ukajikuta unapanga namna, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo, usiku au mchana, pamoja na mtu. Usingoje hedhi ije ikuokoe. Na daktari wako wa afya ya akili alisikie hili hata kama siku ya kliniki haijafika.

Sasa turudi kwenye pakiti tatu. Nikikusoma vizuri, una matatizo mawili uliyoyafunga kwenye fundo moja. La kwanza, unataka kutopata mimba mpaka mwakani. La pili, unataka siku tisa zile zipungue makali. Nesi amekupa kitu kimoja kwa yote mawili, na hakukosea kwa alichokijua. Alichokijua ndicho pungufu.

Kusingizia, hapana. Hili la vipimo huwaumiza wanawake wengi, na hapo mjini limegeuka biashara: unapimwa, unaambiwa uko sawa, unauziwa dawa ya kutokuwa sawa. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani, Schmidt na wenzake, walionyesha kwamba wanawake wanaoteseka sana kabla ya hedhi huwa na homoni za kawaida kama za wenzao. Kinachotofautiana ni namna ubongo wao unavyoitikia homoni hizo. Karatasi ya maabara inaweza kuwa safi kabisa na wewe ukawa unaumwa kweli.

Kuhusu sindano, hebu isome tena barua yako. Usingizi ulikukimbia mtoto akiwa na wiki tatu, sindano ukachomwa wiki ya sita. Moshi uliutangulia moto? Wiki za mwanzo baada ya kujifungua ni kipindi kinachojulikana sana kwa bipola kuchomoza mara ya kwanza. Simwambii mama yako amekosea kila kitu, kwa sababu wapo wanawake ambao sindano huwapa huzuni, na inawezekana ilikuongezea mzigo miezi ile mitatu. Jaribu kukumbuka, ilikuwaje baada ya kuanza kabamazepini, sindano ikiwa bado mwilini? Daktari atataka kulijua hilo.

Mimi kilichonishtua zaidi ya lile debe ni mapazia. Hasira, machozi, moyo mzito, hayo huja kabla ya hedhi kwa wanawake wengi wasio na bipola. Lakini kulala masaa matatu kisha ukapata nguvu za kufua nyumba nzima saa tisa usiku, hiyo ni sura nyingine. Inafanana na ugonjwa wako unapoanza kupanda. Halafu kuna zile wiki mbili za masika ambazo hedhi haikuzigusa. Ndiyo maana sina haraka ya kusema hii ni shida ya hedhi tu.

Madaktari hutenganisha hali mbili. Ipo hali kali ya kabla ya hedhi, inayosimama yenyewe: inakuja siku zile, damu ikitoka inaondoka, na siku nyingine mtu ni mzima kabisa. Na upo ugonjwa wa siku zote ambao hedhi ikikaribia huchochewa, kama jiko lililokuwa na makaa tayari. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Matibabu hayafanani, kwa sababu makaa hutulizwa kwanza kwa kurekebisha dawa ya bipola yenyewe, kiwango au aina, na wakati mwingine hilo peke yake linatosha.

Njia ya kuzitenganisha haihitaji mashine. Ni kuandika kila siku, angalau mizunguko miwili, siku ile ile na si kwa kukumbuka baadaye. Wewe una daftari la mali, unaliandika kila jioni hata ukiwa umechoka, maana deni la mtu halisubiri. Pembeni ya hesabu weka alama ndogo: masaa uliyolala, hasira sifuri mpaka tano, huzuni sifuri mpaka tano, mawazo yanakimbia au yametulia, damu ipo au haipo. Atakayechungulia ataona namba tu, atadhani ni madebe.

Na ukiandika hivyo utaona kingine, hiki cha mumeo. Mwezi wa angani huchukua siku 29 na nusu, wako 26. Kila mzunguko wewe unamtangulia mwezi kwa siku tatu na nusu. Miezi hii mitatu siku zako mbaya na mbalamwezi vimegongana. Baada ya mwezi mmoja au miwili vitaachana vyenyewe, yeye atarudi akukute unacheka, na siku mbaya zitakupata yuko kambini. Ukianza majira leo, sifa ya amani hiyo ya nyumbani utavipa vidonge, kumbe ni ya kalenda. Na ile tuhuma ya wifi yako, daftari la miezi mitano sita lingeijibu vizuri kuliko kiapo.

Sasa majira yenyewe. Kinachofanya yatajwe kwenye shida hii ni kwamba vidonge vyenye homoni mbili huzuia yai kupevuka, na hapo kule kupanda na kushuka kwa homoni hutulia. Ila majira si kitu kimoja. Aina iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2006 kwa hali kali ya kabla ya hedhi ina homoni iitwayo drospirenoni, vidonge 24 vya dawa na vinne vitupu. Pakiti za zahanati mara nyingi huwa na homoni nyingine, 21 vya dawa na 7 vya kahawia vya kuongeza damu, na siku hizo saba homoni hushuka tena. Hata hiyo aina iliyoidhinishwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, wanawake 48 kati ya 100 walipata nafuu ya maana, na waliopewa vidonge vitupu bila kujua walikuwa 36 kati ya 100. Nafuu ipo, lakini si ya kuvuka ziwa kwa miguu. Tena majaribio ya namna hii kwa kawaida huwaacha nje wenye bipola, kwa hiyo kwa mtu kama wewe daktari huenda kwa tahadhari, akiangalia na daftari mkononi.

Halafu linakuja lile ambalo nesi hakuambiwa. Kabamazepini hulifanya ini lichakaze homoni za majira haraka kuliko kawaida. Ungemeza kila siku bila kukosa na bado ukapata mimba, na pengine homoni inayobaki isitoshe hata kutuliza hizo siku tisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kwa kawaida mwanamke anayetumia kabamazepini apewe njia nyingine. Na mimba ya kushtukiza ukiwa kwenye dawa hiyo si jambo dogo, kwa kuwa huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana ile “si kila mara” ya kondomu nimeisoma mara mbili. Na hiyo ya mtoto mwakani inahitaji kuanza kuongelewa na daktari mwaka huu, pamoja na asidi ya foliki kabla ya kushika mimba. Tafadhali usije ukaiacha kabamazepini ghafla kwa kuogopa niliyoyaandika hapa. Kuiacha ghafla ni hatari kuliko kuendelea nayo mpaka uonane na daktari.

Nini kingine kipo mezani? Vijiti vya mkononi navyo hugongana na dawa yako. Sindano haigongani nayo na huzuia mimba vizuri, lakini ikishaingia haitoki mpaka muda wake uishe, hata kama moyo umeikataa, na uwezo wa kushika mimba unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi kadhaa. Ninyi mnataka mtoto mwakani, lipimeni. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa, hakigongani na chochote, na ukitaka mtoto kinatolewa. Hakitakutibu hasira, kinaweza kukuongezea damu na maumivu ya hedhi, ila kitakuondolea tatizo la kwanza ili ushughulike na la pili bila kukimbizwa.

Daktari anaweza pia kufikiria kukubadilishia dawa ya bipola, na kila mlango una kizingiti chake. Lithiamu haigombani na majira, lakini inataka kupimwa damu mara kwa mara, na zile diklofenaki na ibuprofeni tunazomeza kwa tumbo la hedhi hupandisha kiwango chake mpaka pabaya. Lamotrijini hupunguzwa kama nusu na majira yenye homoni ya estrojeni, kisha hupanda siku za vidonge vitupu. Valproeti, kwa mwanamke anayetaka kuzaa, mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro kubwa ya mwili na watatu mpaka wanne kati ya kumi hupata shida za ukuaji wa akili, kwa hiyo ukiandikiwa hiyo, uliza. Na shoga yako akikushauri fluoksetini, maana ndiyo inayosifiwa kwa shida za kabla ya hedhi, mwambie wewe una bipola. Dawa za sonona kama hiyo zinaweza kukurusha juu, haziguswi bila daktari wako.

Unaniuliza umwambie nani kwanza. Kwa mumeo sitakuamulia. Ukimwambia, huenda akaogopa, na wifi akapata la kusema. Huenda pia akashusha pumzi kusikia kwamba hakuna mwanaume mwingine, kuna ugonjwa. Usipomwambia, unabaki salama leo, lakini mimba ya mwakani itakuja na kliniki, dawa na usiku wa kukesha, na baada ya yaliyokupata mara ya kwanza ungehitaji mtu ndani ya nyumba anayejua cha kuangalia. Ukiamua kusema, iwe nje ya zile siku tisa, na pengine baba mdogo awepo.

Nesi ni rahisi zaidi. Alikuuliza mbele ya benchi, si kosa lako ulivyojibu. Chukua kikaratasi, andika “natumia kabamazepini kwa bipola”, kiweke ndani ya kadi ya uzazi wa mpango, umkabidhi bila kufungua mdomo. Na siku ya kliniki ya afya ya akili nenda na kadi hiyo pamoja na zile pakiti. Kama zahanati haina jibu, waombe rufaa. Hapo Mwanza huna haja ya kwenda mbali, hospitali za Bugando na Sekou Toure zote ziko mjini.

Nimebakiza swali moja, limenikaa tangu nilipofika kwenye kopo la majani ya chai. Mumeo yuko nyumbani wiki nzima ya mbalamwezi. Asubuhi yupo, jioni yupo, na kopo liko juu ya kabati. Wiki hiyo, mwanangu, unakifikiaje kidonge? Kama kuna jioni zinazopita bila wewe kukimeza kwa sababu yeye amekaa sebuleni, basi miezi hii mitatu haijagongana na hedhi peke yake. Kwenye daftari ongeza alama ya sita, ya kidonge, na iandike kwa ukweli hata kama ni mimi tu na daktari tutakaoiona. Ukimaliza mizunguko miwili, niandikie tena.

Shangazi